Pareto: Maana ya Jina Hili na Matumizi Yake

Mbele ya nyumba nyingi za walimu, makarani na wachungaji katika Kenya hupandwa ua moja jeupe lenye moyo wa manjano. Wenye bustani huliita kwa jina la Kiingereza, "daisy", na wengine wamelifanya la Kiswahili wakasema deizi. Lakini msafiri apitaye Molo au Kinangop, au atembeaye katika vilima vya Kisii, aweza kukuta shamba zima la maua yanayofanana kabisa na hayo, yamepandwa kwa mistari, na watu wenye vikapu wakiyachuma moja moja. Huko hayaitwi deizi. Huitwa pareto.

Basi watu huuliza: Je, hili ni ua moja lenye majina mawili, au ni maua mawili yenye sura moja? Swali hili si la watoto wa shule tu. Mkulima anunuaye miche, na mama wa nyumbani anunuaye mkebe wa dawa ya mbu, wote wawili wanaweza kupoteza fedha kwa kutojua jibu lake.

Yafaa kuanza na jina "daisy" lenyewe, maana ni la zamani na maana yake ni nzuri. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa maneno mawili yaliyoungana, yaani "jicho la mchana". Ua la kwanza kuitwa hivyo ni lile dogo liotalo katika majani ya Ulaya, ambalo jioni hukunja petali zake nyeupe na asubuhi hulifungua tena duara lake la manjano. Watu wa zamani waliokuwa wakiamka mapema kwenda malishoni waliliona likifumbua kama mtu aliyekuwa amelala, nao wakaliita jicho.

Wafaransa waliliangalia ua la namna hiyo hiyo wakaona kitu kingine. Wao huliita "marguerite", neno litokalo katika Kiyunani, na maana yake ya asili ni lulu. Hii ndiyo sababu mwanamke wa Kiingereza aliyebatizwa Margaret aliweza kuitwa Daisy na watu wa nyumbani kwake. Katika Kenya wako wasichana wengi waitwao Margaret, na wengine waitwao Daisy, na pwani wako waitwao Lulu. Kumbe kwa asili ya maneno, Margaret na Lulu ni majina ya kitu kimoja, na Daisy ameingia katika jamaa hiyo kwa mlango wa Kifaransa.

Waingereza wamelitumia ua hili sana katika mazungumzo. Mtu aliyelala vyema akaamka mchangamfu, husemwa kwamba ni mbichi kama deizi. Na mtu aliyekufa zamani, husemwa kwa mzaha kwamba anayasukuma maua hayo kutoka chini, kwa sababu hupenda kuota juu ya makaburi. Msomaji akikuta maneno hayo katika kitabu cha Kiingereza asidhani kwamba ni habari ya kilimo.

Sasa jambo la kwanza la kushika ni hili: "daisy" si jina la mmea mmoja. Ni jina la sura. Kila ua lenye duara katikati na petali zilizozunguka kama miale ya jua, Mwingereza yu tayari kuliita deizi, akiongeza neno la pili ili kuonyesha ni lipi. Hata alizeti ni wa ukoo huo, na kadhalika letusi iliwayo mezani, na ule mmea wa shambani uitwao kishona nguo, ambao mbegu zake hushika suruali ya mpita njia. Katika ukoo huu wote, kile kinachoonekana kuwa ua moja si ua moja. Ni mkusanyiko wa maua madogo mengi sana yaliyobanana juu ya kitako kimoja. Kila petali nyeupe ya nje ni ua zima, na kila chembe ya manjano ya katikati ni ua zima pia. Mkulima wa pareto hujua jambo hili hata kama hakufundishwa, kwa kuwa ameambiwa achume wakati mistari michache ya chembe za nje za ule moyo imekwisha kufunguka na zile za ndani bado.

Pareto, basi, ni deizi mmoja kati ya wengi. Kila pareto yaweza kuitwa deizi, lakini si kila deizi ni pareto. Hapa ndipo hasara inapoweza kuingia. Mtu akiletewa miche ya deizi jeupe la bustani, akaambiwa ni pareto, akaipanda nusu eka na kuipalilia mwaka mzima, atapata maua mazuri sana ya kupamba meza, na kiwandani hayatakubaliwa. Majani ya pareto yamepasukapasuka, nayo yana rangi ya kijivu kidogo, na upande wa chini yana manyoya laini. Majani ya deizi kubwa nyeupe ipandwayo sana bustanini ni ya kijani kibichi, mazima, yenye meno pembeni tu. Hata hivyo wako deizi wengine wa bustani wenye majani ya kupasuka pia, kwa hiyo jani peke yake si shahidi wa kutosha. Ni afadhali mkulima achukue miche yake kwa bwana shamba au katika kitalu kinachojulikana kuliko kumwamini mtu wa sokoni.

Jina pareto lilitoka wapi? Limetoka katika neno la Kiingereza "pyrethrum", ambalo Waingereza walilichukua katika Kilatini, na Kilatini kililichukua katika Kiyunani. Shina lake ni "pyr", maana yake moto. Katika shina hilo hilo Wayunani walipata neno lao la homa, jambo ambalo halitamshangaza Mswahili, kwa kuwa yeye naye husema kwamba mwili wa mgonjwa unawaka moto.

Lakini mtu aliyewahi kufanya kazi katika shamba la pareto atauliza: moto uko wapi katika ua hili? Swali lake ni la haki. Ukweli ni kwamba jina hili halikuwa la ua hili hapo mwanzo. Wayunani waliupa jina hilo mmea mwingine wa ukoo huo huo, ambao huota hasa Afrika ya Kaskazini, katika nchi za Moroko na Algeria. Dawa yake ilikuwa mzizi. Mtu mwenye maumivu ya jino alipoutafuna, kinywa chake kiliwaka kama kwa pilipili na mate yakamtoka mengi. Moto wa jina ni moto wa mzizi ule.

Baadaye sana wataalamu wa mimea wa Ulaya walilichukua jina hilo wakawapa deizi wengine ambao mizizi yao haichomi mtu. Mmoja wao ni deizi wa Uajemi na milima ya Kaukazi, mwenye petali nyekundu au za waridi. Huyo alipendwa sana katika bustani za Uingereza, na wakulima wa maua walimwita "pyrethrum" kwa muda mrefu, hata leo wako wanaomwita hivyo. Maua yake yakikaushwa na kusagwa hutoa unga wa kuua wadudu, nao uliuzwa Ulaya kwa jina la unga wa Uajemi. Mwingine ni deizi mweupe wa Dalmatia, yaani pwani ya mashariki ya bahari ya Adriatic, nchi ambayo leo ni ya Kroatia. Unga wa huyu ulionekana kuwa na nguvu kuliko ule wa Uajemi, ukaushinda sokoni. Huyu mweupe wa Dalmatia ndiye pareto wa Kenya.

Mwaka 1820 wataalamu walimwandika katika vitabu vyao kwa jina la Pyrethrum cinerariifolium. Neno la pili lasema kwamba majani yake yafanana na ya mmea uitwao cineraria, na jina la mmea huo latoka katika neno la Kilatini la majivu, kwa sababu ya rangi yake ya kijivu. Kwa hiyo ua moja liliandikwa moto na majivu pamoja. Baadaye walimhamisha wakamwita Chrysanthemum, yaani ua la dhahabu, na vitabu vingi vya kilimo vya Kenya vilitumia jina hilo. Halafu walimhamisha tena, na jina litumikalo sasa ni Tanacetum cinerariifolium. Msomaji akikuta majina haya matatu katika vitabu vitatu asifadhaike. Mmea ni ule ule. Waliobadilika ni waandishi.

Wakati wataalamu wakibishana juu ya Kilatini, watu wa Dalmatia wenyewe walikuwa na jina lao la nyumbani. Wao huliita ua hili "buhač". Katika lugha yao, "buha" ni kiroboto. Hawakuhangaika na moto wala dhahabu: waliona viroboto wamekufa, wakalipa ua jina la kazi yake. Wajapani walifanya vivyo hivyo. Mtu mmoja wa huko, Ueyama Eiichiro, alipata mbegu za ua hili mwaka 1886 akaanza kulieneza kwa wakulima. Mwaka 1890 alitengeneza kijiti cha kuchoma ili moshi wake ufukuze mbu, na ilikuwa mkewe, Yuki, aliyetoa shauri kwamba kijiti hicho kizungushwe kama nyoka aliyelala, kipate kuwaka usiku mzima. Ile dawa ya mbu ya mviringo iuzwayo katika kila duka la Afrika ya Mashariki ilianzia kwa mama huyo. Nalo ua, Wajapani huliita "jochūgiku". Jina hilo lina maneno matatu ndani yake: kuondoa, na mdudu, na ua la jamii ya krisanthemamu.

Hapo yaonekana tofauti kubwa. Mkroatia akitamka jina la ua hili, asikia kiroboto. Mjapani akilitamka, asikia kuondoa wadudu. Mwingereza aliyesoma Kiyunani asikia moto, ingawa ni moto wa mmea mwingine. Lakini Mswahili akisema pareto, hasikii chochote ila pareto. Jina lilimfikia likiwa tupu, kama debe lililokwisha kumwagwa. Hili si kosa; maneno mengi mema ya Kiswahili yaliingia hivyo. Ila neno tupu hujazwa na kila mtu kitu apendacho, na mwenye duka naye amo.

Lilimfikia lini? Pareto ilianza kupandwa Kenya mwaka 1928, katika mashamba ya walowezi wa Kizungu, na katika miaka ya 1930 ikaenea. Hutaka nchi ya juu, kiasi cha mita 2,000 au zaidi, kwa kuwa bila usiku wa baridi mmea hunenepa majani na maua huwa machache. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, na Japani ikaingia vitani mwaka 1941, majeshi ya Uingereza na Marekani hayakuweza tena kununua pareto ya Japani, nayo yalikuwa na haja kubwa ya dawa ya mbu na chawa. Kenya ikashika nafasi hiyo. Jina lilienea kwa vinywa vya wafanya kazi waliochuma maua hayo, wala halikuenea kwa kitabu. Umbo lake lashuhudia jambo hilo: sauti ya "th" imekuwa t, na mwisho wake mgumu wa Kilatini umetupwa, pakabaki o, iliyo nyepesi kwa ulimi wa Kibantu. Mtu angelitafsiri kwa kalamu mezani angeandika pirethramu, na pengine lisingekubaliwa na mtu yeyote.

Mpango wa serikali wa mwaka 1954 wa kukuza kilimo cha Waafrika uliitia pareto pamoja na kahawa na chai katika mazao ya biashara ambayo wakulima Waafrika walihimizwa kuyapanda. Baada ya uhuru, mwaka 1963, zao hili lilizidi kuwa la wenye mashamba madogo. Kwa miaka mingi Kenya ilitoa sehemu iliyo kubwa kabisa ya pareto yote ya dunia. Kisha likaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 malipo ya wakulima yalichelewa sana, wengi wakang'oa mimea yao wakapanda viazi, na nafasi ya kwanza ikachukuliwa na Tasmania, kisiwa cha Australia, ambako pareto huvunwa kwa mashine. Sheria za mwaka 2013 ziliyaruhusu makampuni binafsi kuingia katika biashara hii, na wakulima wa sehemu mbalimbali wameanza kuipanda tena. Tanzania nayo huilima katika nyanda za juu za kusini, na Rwanda katika nchi ya volkeno upande wa Musanze.

Hiyo ndiyo historia ya neno. Matumizi yake katika Kiswahili ni rahisi. Pareto huingia katika ngeli moja na kahawa na chai, wala halibadiliki katika wingi: pareto imeiva, pareto imeuzwa. Kusema "mapareto" ni makosa, ingawa husikika. Anayetaka kuhesabu aseme miche ya pareto, au maua ya pareto, au magunia ya pareto. (Tena, mwanafunzi wa uchumi akikuta katika kitabu chake jina Pareto lenye herufi kubwa, ajue ni jina la Mwitaliano, Vilfredo Pareto, aliyefariki mwaka 1923. Hana udugu wowote na maua ya Molo.)

Lakini neno hili lina maana tatu, na mtu asipozitenga atadanganyika. Mtu akisema amepanda pareto, maana yake ni mmea. Akisema ameuza pareto, maana yake ni maua makavu, ambayo kilo moja yake imetoka katika kilo nne hivi za maua mabichi. Na akisema amepuliza pareto nyumbani, maana yake ni dawa. Katika maana ya kwanza na ya pili hakuna hila, kwa sababu jicho laona. Maana ya tatu imo ndani ya mkebe, na jicho halioni kitu.

Nguvu ya pareto yakaa wapi? Haikai katika petali nyeupe zinazosifiwa na mpita njia. Karibu yote imo katika vijimbegu vilivyo ndani ya ule moyo wa manjano. Wataalamu wawili, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, waliichunguza wakachapisha matokeo mwaka 1924, na wote wawili walipata Tuzo ya Nobel baadaye kwa kazi nyingine. Nguvu hiyo huitwa pirethrini, na katika mikebe huandikwa "pyrethrins". Si kitu kimoja bali ni vitu sita vinavyofanana. Katika maua makavu, pirethrini ni kiasi cha sehemu moja mpaka mbili tu katika mia. Hushika mishipa ya fahamu ya mdudu, naye huanguka mara moja akitetemeka. Akiwa amepata kidogo tu, aweza kuinuka tena. Kwa mtu na kwa mifugo haina sumu kali, na mwanga wa jua huivunja upesi. Wachumaji wengine hutokwa na vipele na mwasho mikononi kwa sababu ya maua yenyewe, na hapo labda mtu aweza kusema kwamba jina la moto limepata haki yake kidogo.

Kule kuvunjika upesi kwa jua ni sifa na ni upungufu. Ni sifa kwa mtu apulizaye mboga leo na kutaka kuzila baada ya muda mfupi. Ni upungufu kwa mtu atakaye dawa ikae ukutani miezi mitatu. Kwa hiyo wanakemia walijaribu kutengeneza kiwandani kitu kinachofanana na pirethrini, lakini kigumu zaidi. Cha kwanza kilipatikana Marekani mwaka 1949, kikaitwa "allethrin". Mwaka 1973, huko Rothamsted katika Uingereza, Michael Elliott na wenzake walitoa habari za "permethrin", isiyovunjwa na jua upesi. Baada yake zikafuata nyingine nyingi. Zote kwa pamoja huitwa pirethroidi, yaani zilizo mfano wa pirethrini, na kwa Kiingereza huandikwa "pyrethroids".

Msomaji atazame vizuri mwisho wa majina hayo. "Allethrin", "permethrin", "cypermethrin", "deltamethrin": yote yana mkia mmoja, "thrin". Mkia huo ulikatwa katika jina la ua. Wenye viwanda waliuchukua wakaushona kwenye majina ya dawa zao, ingawa hakuna ua hata moja lililochumwa kwa kuzitengeneza. Wanakemia hawakufanya hivyo kwa kudanganya, maana kweli umbo la dawa hizo lilitokana na kuiga pirethrini. Ila anayeuza, akiulizwa dukani, "Je, hii ni pareto?", hujibu upesi kwamba ndiyo, na pengine yeye mwenyewe aamini hivyo.

Si haki kuzilaumu dawa hizi za kiwandani kana kwamba hazina faida. Vyandarua vilivyotiwa dawa, vilivyookoa maisha ya watoto wengi katika Afrika, vilitiwa pirethroidi, wala pirethrini ya maua isingeweza kufanya kazi hiyo, kwa kuwa haikai. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika mbu wamekwisha kuzizoea pirethroidi. Tena zina hatari zao. Permethrin yaweza kumuua paka akipakwa ile iliyotengenezwa kwa mbwa. Samaki na nyuki hufa kwa pirethroidi, na kwa pirethrini pia, lakini iliyo ngumu hukaa muda mrefu zaidi mahali ilipopulizwa. Mwenye bwawa la samaki au mizinga ana sababu nzuri ya kujua ni ipi aliyoishika mkononi.

Tofauti katika maandishi ni ndogo. "Pyrethrins" na "pyrethroids" huanza kwa herufi saba zile zile, na mtu asomaye haraka huona neno moja. Inampasa asome mpaka mwisho. Kwenye mkebe yapo maneno makubwa yenye picha, na mara nyingi picha ni ya ua jeupe. Hayo ni ya kuuzia. Yapo pia maneno madogo, kwa kawaida nyuma au chini, yenye majina ya dawa na kiasi chake kwa mia. Hayo ndiyo yenye ukweli. Pakiandikwa "pyrethrins" au "pyrethrum extract", dawa imetoka katika maua. Pakiwa na jina lenye mkia wa "thrin" na mbele yake neno jingine, kama "perme" au "delta", imetoka kiwandani. Pengine huwamo zote mbili katika mkebe mmoja. Na zile dawa za mviringo za kuchoma, ambazo hapo mwanzo zilikuwa pareto tupu, nyingi katika hizo zimetiwa pirethroidi sasa, ingawa ua limebaki katika picha.

Mkulima naye ana maandishi yake ya kusoma. Apelekapo gunia lake, maua hupimwa mara mbili: uzito kwa mizani, na kiasi cha pirethrini kwa kuchunguzwa. Wawili waliopeleka kilo sawa waweza kulipwa fedha mbalimbali, na yule aliyepata kidogo hudhani ameonewa. Pengine ameonewa kweli. Lakini mara nyingine alichuma maua machanga yasiyofunguka, au aliyaacha yakachakaa shambani, au aliyarundika mabichi yakapata joto na kuchachuka kabla ya kuanikwa juani. Ana haki ya kuuliza kiasi cha pirethrini kilichoandikwa juu ya maua yake, na kutaka aonyeshwe hesabu iliyotumika. Hata machicha yanayobaki kiwandani baada ya pirethrini kutolewa hayatupwi, bali huuzwa kuwa chakula cha ng'ombe, na mkulima atakuta katika magunia hayo pia pameandikwa pareto.